Nani Mtunzi wa Habari za Kilwa?

Habari ya kuanzishwa kwa mji wa Kilwa Kisiwani imeandikwa kwa lugha tatu, na kila lugha ina mwandishi wake. Ya Kiarabu imo katika Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa. Ya Kireno imo katika fungu la kwanza la Décadas da Ásia, kitabu cha João de Barros kilichopigwa chapa Lisbon mwaka wa 1552. Ya Kiswahili imo katika Prosa und Poesie der Suaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mjini Berlin mwaka wa 1907. Ajabu ya maandiko haya ni kwamba yule ambaye jina lake lajulikana zaidi, Barros, hakupata kuiona Kilwa kwa macho yake. Yule aliyeandika kwa Kiarabu ametaja siku aliyozaliwa, lakini jina lake halimo. Na yule aliyeandika kwa Kiswahili amefunikwa kabisa na jina la mkusanyaji.

Shauri la nani mtunzi si udadisi mtupu. Katika pwani hii, tangu Kilwa kushuka mpaka Kiswere na Lindi, habari ya nani aliyemkuta mwenzake, na nani aliyempa mwenzake nchi, ndiyo hati ya ardhi na ndiyo hati ya uungwana. Mwenye kuisimulia huwa shahidi, na shahidi asiye na jina ni rahisi kudharauliwa. Ndivyo ilivyolipata andiko la Kiswahili: limetumiwa mara nyingi kama kiraka cha kuzibia tundu za andiko la Kiarabu, wala halikusomwa kama kazi ya mtu aliyekuwa na shabaha yake.

Mashauri ya namna hii yajulikana sana katika nyimbo. Wimbo wa Malaika ulienea ulimwenguni baada ya kurekodiwa Nairobi na Fadhili William karibu na mwaka wa 1960, na hata hivyo Adam Salim wa Tanganyika alidai kwamba aliutunga yeye miaka mingi kabla ya hapo. Kwa Wamarekani weusi, W. C. Handy aliitwa baba wa nyimbo za blues, naye alipiga chapa wimbo wake mashuhuri wa St. Louis mwaka wa 1914. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesimulia ya kuwa muziki wa aina hiyo aliusikia katika kituo cha gari la moshi huko Tutwiler, Mississippi, kwa mpiga gitaa ambaye jina lake halikuandikwa popote. Katika mambo kama haya mwenye kalamu au mwenye mtambo hupata jina, na mwenye kinywa hulikosa. Kisa cha Kilwa ni cha namna hiyo hiyo, ila tofauti ni kwamba hapa hata mwenye kalamu amelikosa.

Yafaa kuanza na andiko la Kiarabu. Nakala yake inayojulikana ilinakiliwa Unguja mwaka wa 1877, ikafika katika jumba la British Museum kwa mkono wa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, ikawekwa chini ya alama ya Or. 2666. S. Arthur Strong aliitoa katika jarida la Royal Asiatic Society mwaka wa 1895. Dibaji yaahidi milango kumi. Iliyobaki ni saba. Mtunzi asema kwamba alizaliwa katika mwezi wa Shawwal, mwaka wa 904 wa Hijria, yaani 1499 wa Miladi. Basi alikuwa mtoto mchanga Wareno walipotia nanga Kilwa mara ya kwanza mwaka wa 1500, na alikuwa na miaka sita Francisco de Almeida alipouteka mji mwaka wa 1505.

Hata hivyo jina jingine limefungamanishwa na kitabu hiki, nalo ni la Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Unguja, aliyefariki mwaka wa 1869. Sheikh Muhyiddin alikuwa mwanachuoni mkubwa na mshairi wa Kiswahili, na si jambo la kustaajabisha kwamba kitabu kilichopatikana Unguja, katika mikono ya watu wa elimu wa zama zile, kikatajwa kwa jina lake. Lakini dai hili lina mzigo mzito. Barros, aliyepigwa chapa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kifo cha kadhi huyo, aeleza ya kuwa alichota habari zake katika kitabu cha tarikh ya wafalme wa Kilwa, na habari hizo zakubaliana na za Kiarabu katika mambo mengi ya asili: mwana wa mfalme wa Shirazi, safari ya merikebu, kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo. Ili kadhi awe mtunzi wa asili, ingepasa ama awe aliyapata mambo hayo katika kitabu cha Kireno, ama mambo hayo yawe yalimfikia kwa tarikh iliyotangulia. Njia ya kwanza haina dalili yoyote. Njia ya pili yamvua utunzi na kumwachia kazi ya mhifadhi, au ya mwenye kufupisha. Kazi hiyo ni ya heshima, na huenda milango mitatu iliyopotea ilipotea katika mikono ya namna hiyo. Lakini si utunzi.

Ushahidi wa Barros unakwenda mbali zaidi ya hapo. Wareno walikaa na ngome Kilwa tangu 1505 hata 1512, kisha wakaiacha. Ikiwa tarikh aliyoitumia Barros ilitoka Kilwa katika miaka hiyo saba, mtunzi wetu wa Kiarabu alikuwa kati ya miaka sita na kumi na mitatu, wala hakuweza kuwa mwandishi wake. Tena maandiko hayo mawili yahitilafiana. Kiarabu chasimulia merikebu saba, baba na wanawe sita, wote wakihama kwa sababu ya ndoto ya panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta. Barros asimulia ndugu saba, na mmoja wao, Ali, mwana wa mama Mhabeshi, akidharauliwa na nduguze hata akaondoka Hormuz na merikebu mbili. Mambo haya hayawezi kuwa makosa ya mfasiri, kwa maana mfasiri akikosea hupotoa neno, hazui kisa. Yaelekea, basi, kwamba maandiko hayo ni watoto wawili wa mzazi mmoja aliyetangulia, wala si baba na mwana.

Mzazi huyo alisema lugha gani? Hapa andiko la Kiarabu lenyewe latoa ushahidi, tena bila kukusudia. Mfalme wa kwanza, Ali bin al-Husain, amepewa jina la kupangwa, nalo si la Kiarabu: aliitwa Nguo Nyingi. Na yule Mwislamu aliyekutwa kisiwani, aliyekuwa mkalimani kati ya wageni na mwenye nchi, aitwa Muriri wa Bari, jina lenye kiungo cha Kibantu. Mwandishi wa Kiarabu alikuwa na uwezo wa kuyafasiri majina haya, naye aliyaacha yalivyo kwa kuwa ndivyo watu walivyoyatamka. Sasa, jina la Nguo Nyingi na kisa cha kisiwa kuzungushiwa nguo haviwezi kutenganishwa. Ama mtu aliitwa hivyo kwa sababu ya kisa, ama kisa kilizaliwa ili kulieleza jina. Vyovyote iwavyo, mahali ambapo jina na kisa vyakutana na kufahamiana ni katika Kiswahili. Katika Kiarabu jina ni sauti tu, mpaka lifasiriwe. Kwa hiyo chini ya Kiarabu cha Kitab al-Sulwa pana masimulizi ya Kiswahili, na yule mzaliwa wa 1499, walau katika mlango huu, alikuwa mfasiri kabla ya kuwa mtunzi.

Jambo hili lageuza mizani. Imezoeleka kuliona andiko la Kiarabu kuwa asili na la Kiswahili kuwa mwangwi wake uliochakaa. Lakini ikiwa Kiarabu chenyewe kilichota katika kisima cha Kiswahili, basi andiko lililotolewa mwaka wa 1907 lastahili kuulizwa swali lile lile waulizwalo wenziwe: aliyelitunga alikuwa nani, naye alitaka nini?

Andiko hilo laanza pasipo mfalme wa Shirazi. Laanza na wenyeji: kwanza watu wa kabila la Mtakata, kisha watu wa Jasi wa kabila la Mranga, kisha Mzee Mrimba na watu wake, ambaye kabila lake ni Mmachinga. Ndipo yuaja Sultani Ali bin Selimani Mshirazi, na merikebu yake, na mali yake, na watoto wake. Atoa zawadi, aomba kukaa, akubaliwa. Kisha amwoa binti wa Mrimba. Baadaye yapatanwa kwamba Mrimba atahama kisiwani, na sharti lake ni nguo zitandikwe naye apite juu yake. Zatandikwa, apita, avuka bara. Huko ajuta, ataka kurudi kwa vita maji yakipwa. Na Sultani Ali asoma Kurani na kutoa sadaka, hata maji yakabaki yamejaa na njia ya kupitia kwa miguu ikatoweka. Na mwisho wake, mtoto aliyezaliwa na binti wa Mrimba amwendea babu yake, na babu amkabidhi nchi.

Kiarabu hakina mambo haya kwa sura hii. Humo mwenye nchi ni kafiri wa bara aliyekwenda kuwinda. Ayauza makazi kwa nguo za rangi za kukizunguka kisiwa, kisha akusudia hiana. Muriri amwonya mgeni. Na mlango wa bahari wachimbwa ili maji yasipwe. Kafiri huyo hakupewa jina lake. Kazi yake ni kuuza, kukusudia uovu, na kutoweka. Katika Kiswahili mwenye nchi ana jina, ana kabila, ana cheo cha uzee, ana binti, na ana mjukuu. Nguo hazikupimwa kama bei ya kisiwa; zilitandikwa apite juu yake, na heshima ya kumtandikia mtu nguo apite yajulikana sana pwani. Bila shaka ni biashara ile ile, lakini yule anayeondoka haondoki kama aliyepunjwa. Aondoka kama mkwe.

Yaweza kusemwa kwamba hizi ni kasoro za kumbukumbu tu: mapokeo yamepita vinywa vingi na kila kinywa kimeongeza chumvi yake. Jibu la hoja hii limo katika mwelekeo wa tofauti zenyewe. Kumbukumbu inaposahau, husahau ovyo. Hupoteza hapa jina la mfalme, pale hesabu ya merikebu. Na sahau ya namna hiyo imo kweli katika Kiswahili: baba wa Ali ameitwa Selimani, hali Kiarabu chamwita al-Husain, Barros Hocen, na sarafu za Kilwa zimeandikwa Ali bin al-Hasan. Sarafu zenye jina hilo zilipatikana pia katika hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka wa 1984. Yaelekea jina la Sulaiman lilivutwa kutoka kwa wafalme wa baadaye, maana Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka wa 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Hiyo ni sahau. Lakini tofauti zimhusuzo Mrimba hazikutawanyika. Jina, kabila, binti, nguo za kupita juu yake, mjukuu, kukabidhiwa nchi, zote zavuta upande mmoja: zamfanya mwenyeji kuwa chimbuko la haki ya kutawala. Sahau haina nia, na palipo na nia pana mtunzi.

Je, mtunzi huyo alikuwa mtu wa wapi? Hapa pahitaji tahadhari. Hoja ya ndoa peke yake haitoshi. Habari za Pate nazo husimulia kwamba Nabahani wa kwanza alimwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, na kwa ndoa hiyo akapata enzi. Mgeni kumwoa binti wa mwenye mji ni nguzo ya masimulizi mengi ya pwani, kaskazini na kusini, wala haimwonyeshi mtunzi wa mahali pamoja. Ni lazima kutazama mambo mawili yaliyo mahsusi zaidi.

La kwanza ni namna enzi inavyopita. Katika habari ya Kilwa ndoa haikutosha kumpa mkwe nchi. Nchi inakabidhiwa mjukuu, naye hana budi kumwendea babu wa upande wa mama ili aipokee kwa mkono wake. Katika bara iliyo nyuma ya pwani ya Kilwa na Lindi, miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo na urithi vimehesabiwa tangu kale kwa upande wa mama. Msikilizaji aliyelelewa katika desturi hiyo hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtoto wa binti ndiye mwenye haki. Na yule aliyezoea sheria ya Kiislamu aliridhika kwamba mtoto huyo ni mwana wa Sultani pia. Mtunzi amejenga mlango mmoja ambao majumba mawili yaweza kupitia. Kazi hii haikufanywa na mtu wa kunakili Kiarabu.

La pili ni jina la Mmachinga. Wamachinga ni watu wa nchi iliyo kati ya Kilwa na Lindi, bara ya Kiswere na Mchinga. Leo neno hili katika miji ya Tanzania lina maana ya mchuuzi atembezaye bidhaa mikononi, na wengi walitumiao hawakumbuki kwamba ni jina la kabila. Kwa mtunzi wa Habari ya Kilwa lilikuwa jina la majirani. Hakuna sababu ya mtu wa Unguja au wa Lamu kumtafutia mwenye kisiwa cha Kilwa kabila hili. Na mtu wa kusini alikuwa na kila sababu. Wala haifuati kwamba Wamachinga ndio waliokuwa kisiwani karne zote hizo kabla. Jina hilo ni ushahidi juu ya mtunzi, si juu ya Mrimba: laonyesha majirani ambao mtunzi alitaka wawemo katika asili ya mji wake. Kwa kuwa katika kitabu hicho hicho cha Velten zimo pia habari za Lindi, za Sudi na za Mikindani, Habari ya Kilwa yasimama kati ya wenziwe wa pwani moja, wala si yatima wa Kitab al-Sulwa.

Basi jina lake ni nani? Kitabu hakikulitaja, na hapana haja ya kumbunia. Lakini kutokujulikana kwa jina ni jambo moja, na kutokuwapo kwa mtunzi ni jambo jingine kabisa. Mfano wa kufaa uko karibu. Desturi za Wasuaheli zilitoka mwaka wa 1903 kwa jina la Velten huyo huyo, na kwa muda mrefu zilitajwa kama kitabu chake. Hali sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Tafsiri ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka wa 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro katika jalada pamoja na wenzake. Tangu hapo kitabu kile kinasomwa kwa jicho jingine: penye tofauti ya maelezo watu huuliza Mtoro alikusudia nini, wala hawasemi tena kwamba Waswahili walimweleza vibaya Mdachi wao. Habari ya Kilwa haijapata bahati hiyo.

Hitilafu hii haikuanzia kwa Velten peke yake, naye astahili shukrani kwa kuyahifadhi maneno ambayo pengine yangalipotea. Ila mhifadhi na mtunzi ni watu wawili. Barros naye alikuwa mhifadhi, wala hapana amwitaye mtunzi wa tarikh ya Kilwa. Sheikh Muhyiddin, ikiwa kitabu kilipita mikononi mwake, ni mhifadhi vile vile. Yule mzaliwa wa 1499 ni mhifadhi kwa upande mmoja na mtunzi kwa upande mwingine: mpangilio wa milango na heshima ya wafalme ni yake, lakini Nguo Nyingi alimpokea kwa watu waliosema Kiswahili.

Kwa hiyo yafaa wenye kutaja andiko la 1907 waache kuandika kwamba ni habari ya Velten, wala wasiliite tafsiri ya Kiswahili ya Kitab al-Sulwa, kwa maana si tafsiri. Na liandikwe kwa jina la Mwandishi wa Kilwa, na jina la Velten lifuate kama mtoaji. Na wenye kulichapa upya wasilitie chini ya Kiarabu, kama tanbihi ya kuonyesha wapi Waswahili walisahau, bali waliweke kando yake, ukurasa kwa ukurasa, ili msomaji aone mwenyewe ya kuwa pale ambapo mmoja alimwona kafiri wa kuogopwa, mwingine alimwona babu wa mfalme.